Kiti cha Nyuma ya Dereva

Ukitoka Busia kwenda Malaba asubuhi, jua linaingia garini kwa upande wa kulia. Jioni ukirudi, jua limeshavuka kwenda Uganda nawe umeligeuza gari, kwa hiyo linaingia kwa upande wa kulia tena. Wanaopita barabara hiyo kila siku wanalijua hili bila kuambiwa na mtu. Ndiyo maana kiti cha mbele kushoto hugombaniwa, na ndiyo maana madereva wa malori wengi wana mkono wa kulia mweusi kuliko wa kushoto. Mimi nilisafiri miaka mingi nikiwa mbele kushoto, kivulini, kando ya mume wangu aliyekuwa akiendesha. Nyuma yake, upande wa jua, alikaa mama yangu.

Mama ana ualbino. Nimelitaja jua kwanza na yeye baadaye kwa sababu yeye mwenyewe hupenda mambo yapangwe hivyo. Ana duka la vitenge Malaba, chumba kirefu chenye giza, bidhaa zimepangwa mpaka darini, na yeye hukaa mwisho kabisa, mahali ambapo mteja akitoka kwenye mwanga wa nje humsikia kabla ya kumwona. Nyumba yake iko Busia. Aliijenga baada ya baba kufariki na hajawahi kufikiria kuhama. Mimi nafanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha huko Malaba, na mume wangu ni fundi wa umeme wa malori, hukohuko. Safari ilikuwa moja na gari lilikuwa moja, kwa hiyo ilionekana upuuzi mama kupanda gari la watu.

Ilionekana upuuzi kwangu mimi, nadhani niseme hivyo. Kwetu Waluhya, na kwa Wateso alikozaliwa mume wangu, mama mkwe na mkwewe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali meza moja, wala mmoja hagusi kiti wakati mwenzake amekikalia. Wakionana njiani, mmoja wao hupiga kona na kuingia kwenye mahindi ya watu mpaka mwenzake apite. Hakuna chuki katika jambo hili. Ni heshima tu, na watu wa mjini ambao wameacha mengi, hili hawajaliacha. Shangazi yangu aliposikia kwamba mama anabebwa na mkwewe kila siku, aliuliza kama mabasi yote ya Busia yameharibika.

Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba akae nyuma ya dereva, sawasawa nyuma yake. Sababu yake ilikuwa ya kiufundi kabisa. Kioo cha ndani, kile dereva anachotazamia nyuma, kinamwonyesha aliyekaa nyuma kushoto na aliyekaa katikati. Aliyejibanza nyuma ya kiti cha dereva hakimfikii vizuri. Angekaa kushoto, mume wangu angeinua macho kuangalia lori lililo nyuma na kukutana na macho ya mama mkwe wake, tena na tena, njia nzima. Hilo lisingewezekana. Kwa hiyo mama alipewa kona yake, na mume wangu kwa miaka yote hiyo hakuuona uso wake garini, naye mama alikijua kisogo cha mkwewe kuliko mtu yeyote duniani.

Wakitaka kuzungumza walipitia kwangu. Mama hajui Kiteso, na Kiluhya cha mume wangu kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo lugha ya gari ilikuwa Kiswahili. "Mwambie apunguze mwendo," mama angesema, mdomo wake ukiwa karibu kabisa na sikio la dereva mwenyewe. Mume wangu alikuwa na adabu ya kutosikia. Alingoja mpaka nimwambie mimi, ndipo akapunguza. Kazi yangu humo ndani ilikuwa kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili, na sikulipwa.

Sasa nije kwenye ngozi. Nje ya gari mama alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Alivaa kofia pana, blauzi ya mikono mirefu hata Machi wakati Busia inakaanga watu, leso mabegani, na mwavuli juu ya hayo yote. Watu walimtazama, na yeye alitembea haraka, uso chini. Lakini mlango wa gari ukishafungwa, alivua. Kofia ilikwenda magotini, mikono ya blauzi ikakunjwa mpaka juu ya viwiko, viatu vikatoka, na kabla hatujafika Alupe alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo na kulala. Kwake jua lilikuwa kitu cha nje. Ndani ya gari palikuwa ndani, kama nyumbani, na hakuna kati yetu aliyefikiri vingine. Hata losheni ya kukinga jua alikuwa nayo, nzuri, ya kununuliwa kwa shida, na aliipaka kila asubuhi bila kukosa: tukishaegesha Malaba, kabla ya kushuka. Akatembea nayo hatua chache hadi dukani, kisha akakaa nayo gizani kutwa nzima.

Kidonda kilitokea kwenye ncha ya sikio la kulia. Alisema ni kofia inamsugua. Akabadilisha kofia. Kikakauka, kikabanduka, kikarudi, na mchezo huo ukaendelea mpaka nikamwambia kwamba kofia haiwezi kuwa na kinyongo kiasi hicho. Kulikuwa na mtaalamu wa ngozi aliyekuja mara mojamoja katika kliniki moja pale Busia, na nilimpeleka mama kwake huku akilalamika kwamba nafunga duka la mtu kwa sababu ya kipele.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, si mwenyeji wa kwetu. Sikio hakuligusa kwanza. Alimshika mama kidevu, akamgeuza uso kushoto, akamgeuza kulia, akamrudisha kushoto. Akamwomba akunje mikono ya blauzi, akailaza mikono yote miwili mezani, mmoja kando ya mwingine. Ndipo nami nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekitazama miaka yote. Mkono wa kushoto ulikuwa laini, wa mwanamke aliyejitunza. Wa kulia ulikuwa na madoa, makunyanzi na magamba, mkono wa mtu mwingine mzee zaidi. Shavu nalo vivyo hivyo.

"Mama, kwani wewe ni dereva wa lori?" daktari akauliza.

Mama alicheka. Akamwambia hata baiskeli hajui. Daktari hakucheka. Alituuliza tunasafiri vipi, nani anakaa wapi, na saa ngapi, na alipomaliza kuuliza akatueleza kwamba kioo cha pembeni cha gari kinazuia upepo na vumbi, lakini sehemu ya jua inayoharibu ngozi kinaiachia ipite, hata kama mtu hahisi ukali wake. Kioo cha mbele ni kizito zaidi, kina matabaka mawili, kinazuia zaidi. Mtu wa rangi yangu angechelewa kuona madhara. Kwa mama yalikuwa yameandikwa upande mmoja wa mwili wake.

Alikata kipande kidogo cha kidonda kikapelekwa maabara. Majibu yaliporudi ilikuwa saratani, ya mapema. Daktari alisema ncha ya sikio itakatwa na itatoka yote, tusiwe na hofu. Kisha akasema neno ambalo ndilo lililonikaa. "Hii tutaitoa. Lakini ukiendelea kukaa upande ule, tutakuwa tunakukata kidogokidogo, na siku moja hatutawahi. Paka losheni kabla ya kuingia garini, usivue kofia, na uhamie kushoto."

Mama akajibu kwa utulivu kwamba losheni atapaka na kofia hatavua. Kushoto hawezi.

Daktari alinigeukia mimi, na nikamweleza habari ya ukwe na kioo cha ndani. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema kwao pia mambo hayo yapo, ila hajawahi kuyaona yakila sikio.

Tulianza kutafuta njia. Ya kwanza ilikuwa leso. Mume wangu, ambaye ni fundi na huamini kila kitu kina waya wake, alifunga leso nzuri kwenye dirisha la mama kwa vibanio. Tukaenda nayo siku mbili tatu. Lakini hii ni barabara ya mpakani, na gari lenye dirisha la nyuma lililozibwa halisemi hapa kuna mgonjwa wa ngozi. Linasema hapa kuna magunia ya sukari ya magendo. Kila kizuizi tulisimamishwa. Askari alimuuliza mume wangu, "Boss, huko nyuma umebeba nini?" na kabla hajajibiwa alikuwa ameshafungua mlango, ameinua leso na kuingiza kichwa. Akamkuta mama. Mmoja aliomba radhi. Mmoja aliduwaa akimkodolea macho kama kwamba sukari ingekuwa afadhali. Mwingine alimwita mwenzake aje aone. Siku hiyo mama aliibandua leso mwenyewe, akaikunja vizuri, akaniwekea mapajani. Karatasi nyeusi ya vioo hatukuijaribu, kwa maana ingetuletea askari walewale.

Njia ya pili ilikuwa kukigeuza kioo cha ndani kitazame dari, ili mama akae kushoto bila kuonekana. Tulifika Adungosi. Hapo mume wangu alitaka kulipita trekta, na lori lililokuwa linatupita sisi likapiga honi ndefu ubavuni mwetu. Mama ndiye aliyesema kabla ya wote, "Mwambie akirudishe kioo." Akarudi nyuma ya dereva jioni hiyohiyo.

Losheni na kofia alitumia, sitamsingizia. Lakini usingizi ulikuwa umezoea kona ile, na akilala kofia ilidondoka, na mimi siwezi kusafiri miaka yote nimegeuza shingo kumlinda mtu mzima. Jumapili moja, wiki mbili kabla ya kukatwa sikio, nilikwenda nyumbani kwake na nikasema yote niliyokuwa nayo. Nilikuwa na hasira na sioni haja ya kuipunguza. Nilimwambia kwamba mila iliyowekwa na watu waliotembea kwa miguu haiwezi kutupangia viti vya gari. Nilimwambia mkwe wake hana neno, kwamba ni yeye tu anayeshikilia. Nilimuuliza kama anataka nimzike kwa sababu ya kioo.

Mama alikuwa akichambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka nikaishiwa na maneno. Ni mtu ambaye hapandishi sauti, na siku hiyo pia hakupandisha.

"Wewe unafikiri ninamheshimu yeye tu," alisema. "Mimi niliangaliwa tangu siku ya kuzaliwa. Watu walikuja kutoka Nambale kuniangalia. Shuleni, kanisani, sokoni, hata siku ya harusi yangu watu walikuwa wanatazama mimi, hawatazami harusi. Sasa nikapata mkwe. Huyo ndiye mtu wa kwanza amekatazwa kuniangalia. Kwenye hicho kiti nalala, mwanangu. Hakuna mahali pengine nalala nikiwa na watu."

Nilichukua ungo nikamsaidia kuchambua mchele, ambao kwa kweli ulikuwa safi tayari.

Nilimweleza mume wangu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa desturi yetu, kila neno lake na la mama lilipitia kwangu. Yeye ni mtu wa kukaa na jambo kama anavyokaa na waya uliokatika ndani ya lori, anapapasa tu mpaka aupate. Jumamosi iliyofuata alinipeleka kwenye uwanja wa vumbi ambako malori hulala yakingoja kuvuka, akashuka, akazunguka gari, akanifungulia mlango wa dereva.

Alisema nitaendesha mimi. Mama anaweza kukaa mbele kushoto na binti yake, hakuna mila inayokataza, naye atakwenda nyuma.

Sikutaka kujifunza gari. Nilikuwa nimejipangia maisha ya kubebwa. Nililigonga pipa, nikalizima gari mbele ya watu katikati ya mji wa Busia, na mwalimu wa shule ya udereva aliniambia kwamba nina mguu mzito na moyo mwepesi, na kwamba ingefaa iwe kinyume chake. Leseni niliipata hivyohivyo. Wakati huo mama alikuwa ameshakatwa sikio. Kilichobaki kilikuwa kimepona, kifupi, cha waridi, na alikifunika kwa kitambaa.

Nilipomwambia mpango wetu nilitarajia aseme kwamba kule mbele kila mtu atamwona, kwa sababu ni kweli, kioo cha mbele ni kama televisheni. Badala yake aliuliza, "Na yeye atakaa wapi?"

Nikamwambia nyuma yangu, kwenye kona ya mama ya zamani. Nyuma ya kiti cha mama hawezi, kwa sababu ana miguu mirefu na magoti yake yangekisukuma kiti alichokalia mama mkwe, jambo ambalo hata kulitamka ni tabu.

"Upande wa jua," mama akasema.

"Upande wa jua."

"Wenzake watamcheka."

Nikamwambia wameshaanza. Na ni kweli, mafundi wenzake walikuwa wamempa cheo cha mheshimiwa, kwa sababu ni waheshimiwa tu wanaoendeshwa wakiwa nyuma, na walimuuliza kama na bendera itakuja. Alikuwa amewajibu kwamba iko kwa fundi cherehani.

Asubuhi ya kwanza mama alikuja akiwa na kofia, miwani ya jua, blauzi ya mikono mirefu, na losheni nyeupe imemkaa kwenye paji la uso. Alisimama kando ya mlango wa mbele kwa muda, halafu akapanda. Mume wangu alikuwa ameshaingia nyuma mapema, ili wasikutane mlangoni. Tuliondoka taratibu, kwa sababu mimi najua mwendo mmoja tu. Kivuli kilikuwa upande wa mama kama daktari alivyosema, na sehemu ya mapaja yake iliyoguswa na jua la kioo cha mbele aliifunika kwa leso.

Hakulala. Watembea kwa miguu walimwona. Watu wa bodaboda walimwona na kugeuka. Tulipoukuta mstari wa malori, ambao asubuhi huanza mbali kabla ya Malaba kwenyewe, tukawa tunapita chini ya madirisha yao moja baada ya jingine, na madereva waliokuwa wamekaa kule juu bila kazi waliinama kututazama. Mama aliivuta kofia chini. Baada ya malori kadhaa mkono ulichoka, akauachia.

Ndipo nikatazama kioo cha ndani, ambacho sasa kilikuwa changu. Niliinua kichwa kidogo ili nimwone mume wangu aliyejibanza nyuma yangu. Alikuwa amegeuza uso wote kwenye dirisha lake, paji la uso limegusa kioo, jua limemjaa jichoni, na alikuwa amekaa hivyo tangu Busia, kwa sababu akitazama mbele angeliona shavu la mama, na sikio.

Mama hakugeuka. Sijui alijuaje. Labda miaka ya kukijua kisogo cha mtu humfundisha mtu mengine.

"Mwambie shingo itamuuma," alisema.

Nikamwambia.

Tukapita malori mengine mawili.

"Mwambie anaweza kutazama mbele. Yeye akiniona, si neno. Mwambie ni mimi nimesema."

Nilimwambia neno kwa neno, kama kazi yangu ilivyo. Mume wangu akaniambia nimwambie mama ahsante. Kisha akabaki vilevile, uso kwenye kioo, upande wa jua, mpaka nilipoegesha mbele ya duka na mama akashuka.